Fedha Zinazopanda Mlima: Miaka Kumi ya Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi

Mtu akitaka kujua hali ya mashamba ya Gatanga, Murang'a, bila kufika Gatanga, asimame Blue Post, Thika, masika yakiwa yameshika. Hoteli hiyo ya tangu 1908 imekaa kati ya maporomoko mawili, upande mmoja Chania, upande wa pili Thika. Mito hii yote miwili huteremka kutoka milima ya Nyandarua, hukutana karibu na mji, kisha huendelea pamoja hadi Masinga, kwenye mto Tana. Kiangazi maji huwa machache na maangavu. Masika huja mekundu, mazito, yakinguruma. Wekundu ule ni udongo wa juu, wenye rutuba, ambao wiki iliyopita ulikuwa shambani mwa mtu, pamoja na mbolea aliyoinunua kwa deni.

Taasisi ninayoisimulia hapa iliundwa ili udongo ule usitoke shambani. Inaitwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Ulizinduliwa Machi 2015, ukiwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika, na mwaka 2025 ukatimiza miaka kumi. Mashirika ya hisani yanayojishughulisha na mabadiliko ya tabianchi nchini Kenya ni mengi, na mengi yanafanya kazi ya kusifiwa. Nimeuchagua huu kwa sababu ulianza na swali ambalo mengine hulikwepa: kazi hii ikifanikiwa, ni nani anayefaidika, na kwa nini asichangie gharama yake?

Swali hilo linawagusa moja kwa moja watu wa Thika na Ruiru, ingawa wengi wao hawajawahi kulisikia jina la mfuko wenyewe.

Historia ya maji ya Nairobi ni historia ya mji unaonyoosha mkono mbali zaidi kila unapokua. Mwaka 1906 chemchemi za Kikuyu zilitosha. Baadaye, enzi zile zile za ukoloni, likajengwa bwawa la Ruiru, kwenye mto ulioupa jina mji wa Ruiru. Mwaka 1956 likaja Sasumua, juu Kinangop. Mwaka 1994 likakamilika bwawa la Thika, ambalo kila mtu analiita Ndakaini, lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo. Maji ya Ndakaini hupita chini ya vilima kwa mahandaki, huingia Chania, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka kwa mabomba hadi jijini. Asilimia 95 hivi ya maji ya Nairobi hutoka katika bonde la Tana ya Juu, na sehemu kubwa ya hayo hupitia Ndakaini. Chini zaidi, Tana hiyo hiyo huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Ruiru nayo ina kisa chake. Mto Ruiru hauendi Tana kabisa, unaingia Athi. Kwa muda mrefu mtu wa Ruiru angeweza kusema kwamba mambo ya Tana hayamhusu. Siku hizi hawezi. Bwawa la Karimenu II, lililojengwa Gatundu Kaskazini na kuanza kujazwa maji mwaka 2022, liko kwenye kijito cha Chania, na maji yake yalikusudiwa hasa Ruiru, Juja na Gatundu, yanayobaki yaende Nairobi. Mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu karibu 490,000, wengi wao wapangaji wa majumba ya ghorofa yaliyoota pembeni mwa barabara kuu ya Thika, sasa unakunywa maji ya Tana.

Katika miradi yote hiyo, kuanzia chemchemi hadi mahandaki, fedha zilikwenda kwenye zege na chuma. Mkulima anayelima mteremko ulio juu ya bwawa hakuwa sehemu ya hesabu. Alihesabiwa pale tu ardhi yake ilipotakiwa. Lakini bwawa halijui kutenganisha maji na tope. Udongo unaoingia unakaa, na kila tani inayokaa inachukua nafasi ya maji. Kwenye mtambo wa kusafisha maji, matope ya masika hupandisha gharama za dawa na umeme, na yakizidi hulazimu kazi ipunguzwe mpaka mto utulie. Ndiyo maana mtu wa jijini anaweza kukosa maji mferejini huku mvua ikimnyeshea paani.

Si kwamba hakuna aliyejua dawa ya mmomonyoko. Ilijulikana mapema, ila ilikuja kwa kiboko. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta, na kazi hiyo ya lazima iliwaangukia zaidi wanawake. Mwaka 1947 watu walikutana Murang'a wakaamua kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe wakawakabili machifu. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa katika mamlaka iliyomtaka mtu alinde udongo kwa jasho lake bila malipo, katika nchi iliyokwisha kumnyang'anya sehemu nzuri ya udongo huo. Kumbukumbu hiyo ilidumu. Afisa yeyote aliyefika baadaye na kamba ya kupimia mteremko alikuta nyuso zilizokunjwa, na alistahili.

Miaka thelathini baada ya mkutano ule, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wanawake wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miche saba Nairobi. Hapo ndipo ilipoanza Green Belt Movement. Mengi yamesemwa juu ya ujasiri wake, na Tuzo ya Nobel ya 2004 ilimstahili. Mimi nataka kukumbusha jambo moja dogo la uendeshaji. Vikundi vya wanawake vililipwa senti chache kwa kila mche, na malipo yalitolewa kwa mche uliosalimika, si kwa mche uliopandwa tu. Fedha za wafadhili wa nje ziliingia mfukoni mwa mama wa kijijini kama ujira wa kazi iliyothibitishwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoigeuza hisani kuwa mkataba, na ndilo lililofungua njia kwa kila kilichofuata.

Thika na vitongoji vyake navyo vilianza kuwa makao ya mashirika ya kuwafunza wakulima. Taasisi ya Kenya ya Kilimo Hai, KIOF, ilianza 1986 na kuwafunza vijana na wakulima kulima bila sumu. SACDEP, shirika la kilimo endelevu lililoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1990, liliweka makao yake Thika. Muungano wa PELUM, unaokusanya mashirika ya kilimo cha kiikolojia, nao una ofisi zake za Kenya mjini humo. Nje kidogo ya mji kuna G-BIACK, kituo kinachofunza kilimo cha vitalu vilivyochimbwa kwa kina, ambako mwenye shamba dogo hujifunza kulisha familia kwa mboji yake mwenyewe. Ruiru kuna RODI Kenya, inayoingia magerezani kuwafundisha wafungwa kilimo hai ili wakitoka wawe na cha kushika. Hakuna hata moja kati ya taasisi hizi iliyoanzishwa kwa ajili ya tabianchi. Zilianza kwa sababu ya njaa, udongo uliochoka na sumu za mashambani. Lakini mboji inayorudisha uhai wa udongo ndiyo inayoufanya udongo huo ushike maji, na udongo unaoshika maji ndio ngao ya kwanza ya mkulima mvua inapopotea au inapomwagika yote kwa siku mbili. Kwa hiyo wakati dunia ilipoanza kuzungumza juu ya kukabiliana na tabianchi, Thika ilikuwa tayari na walimu.

Wazo la mfuko lilitoka kwingine. New York, mwaka 1997, jiji lilikubali kuwalipa wakulima na miji ya milima ya Catskill walinde vyanzo vya maji, kwa sababu kujenga mtambo mpya wa kuchuja kungegharimu mabilioni mengi zaidi. Quito, nchini Ekuado, mwaka 2000, kampuni ya maji na shirika la Kimarekani The Nature Conservancy walianzisha mfuko ambao mtaji wake huwekezwa, na faida yake hulipia ulinzi wa milima ya juu. Hapa kwetu nako, kabla mfuko haujazaliwa, IFAD, ule mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ulikuwa umegharamia utafiti katika Tana ya Juu kuangalia kama mkulima wa juu anaweza kulipwa na mtumiaji wa chini kwa kutunza udongo na maji. Hesabu ilionyesha inawezekana. Kilichokosekana ni chombo cha kupitishia fedha.

The Nature Conservancy wakachukua jukumu la kukiunda. Walifanya jambo ambalo mashirika mengi ya hisani hayana subira nalo: waliwaita mezani wale wanaopata hasara. Kampuni ya maji ya Nairobi, inayolipia dawa za kusafishia tope. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ambayo mabwawa yake yanajaa udongo. Coca-Cola na kampuni ya bia ya East African Breweries, ambazo bila maji safi hazina cha kuuza. Frigoken, inayonunua mishiri, yale maharagwe mabichi, kutoka kwa wakulima wadogo. Mamlaka ya rasilimali za maji na ile ya maendeleo ya mito Tana na Athi nazo zikawa na viti. Kwa miaka kadhaa kabla ya uzinduzi, majaribio yalifanywa mashambani, na uwanja wa kwanza ulikuwa bonde la Thika na Chania. Waliotumwa kuzungumza na wakulima hawakuwa wageni. Walikuwa Green Belt Movement, pamoja na SACDEP wa Thika.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekwa mashambani zingeleta manufaa ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Kampuni ya maji ingeokoa gharama, KenGen ingepata umeme zaidi. Ila kitu ambacho nadhani hakikusemwa kwa sauti ya kutosha ni hiki: zaidi ya nusu ya manufaa hayo ilitarajiwa kumwendea mkulima mwenyewe kwa mavuno mazuri zaidi. Mtu anaweza kuuliza, basi kama faida ni yake, kwa nini asichimbe matuta bila msaada wa mtu? Jibu liko kwenye ukubwa wa shamba. Gatanga na Gatundu familia nyingi zinaishi kwenye ekari moja au pungufu. Tuta linakula ardhi. Linataka kazi ya wiki nyingi. Mavuno yake huonekana baada ya misimu kadhaa, na karo ya shule inatakiwa Januari hii. Hapo ndipo hisani ina kazi ya kweli ya kufanya: kubeba gharama ya leo kwa faida itakayokuja, ambayo sehemu yake itamfikia mtu asiyemjua mkulima huyo.

Kazi yenyewe haina fahari. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu, mtindo ambao wataalamu wa udongo duniani kote wanauita kwa Kiswahili, fanya juu. Ukingoni hupandwa nyasi ya nepia. Nepia hushika udongo, na ng'ombe huila, kwa hiyo tuta linalipa kwa maziwa kabla halijalipa kwa mahindi. Kandokando ya mto, mahali pa mikaratusi iliyokuwa ikinywa maji usiku na mchana, hupandwa mianzi na miti ya asili. Barabara za vumbi huwekewa mifereji ya kando, maana sehemu ya tope hutoka barabarani, si shambani tu, na hili watu wengi hawalijui. Wakulima wa kahawa walisaidiwa kupata ithibati ya Rainforest Alliance, iliyowadai kutunza udongo na mito kama sharti la soko.

Kisha kuna vidimbwi. Hivi ndivyo vilivyoufanya mfuko upendwe. Mkulima huchimba shimo kwa nguvu zake na za jirani zake, mfuko humsaidia kupata karatasi la nailoni nzito la kutandika ndani, na maji ya mvua kutoka paani na njiani hukusanywa humo. Kiangazi anamwagilia sukuma wiki, mishiri, miche ya parachichi. Anapata fedha wakati soko lina njaa. Kwa mtu wa Thika na Nairobi, faida iko pengine: mkulima mwenye kidimbwi haendi mtoni na pampu mwezi wa Februari. Maji aliyoyaacha mtoni ni maji yanayofika Ng'ethu. Sijui njia nyingine ambayo mtu mmoja ananufaika shambani mwake na papo hapo anamwachia mwenzake wa kilomita 60 kikombe cha maji.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa wengi. Kampuni zilizoketi mezani zilichangia. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ulitoa dola milioni 7.2 kupitia IFAD, na hizo ziliuwezesha mfuko kuvuka mipaka ya majaribio kuingia mabonde ya Maragua na Sagana. Kilichoanza kama mradi wa shirika la kigeni kikawa wakfu wa Kenya wenye bodi yake ya wadhamini, ikiongozwa na Eddy Njoroge, aliyekuwa mkuu wa KenGen hadi 2013. Mtu aliyesimamia mabwawa kwa miaka kumi hahitaji kuhubiriwa juu ya tope. Nia tangu mwanzo ilikuwa kujenga mtaji usioguswa, ambao faida yake itaendelea kulipia kazi mashambani hata baada ya mfadhili wa mwisho kuaga.

Mtihani ulifika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mvua za mwisho wa 2016 zilikosekana. Ndakaini ikapungua hadi kingo zake zikabaki udongo mtupu, na kuanzia Januari 2017 Nairobi iliingia kwenye mgao wa maji. Mwaka uliofuata masika yalimwagika kwa fujo, bwawa likajaa pomoni. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Hivyo ndivyo tabianchi inavyokuja kwetu. Haiji kwa sura ya joto kwenye grafu, inakuja kwa maji: ama hayapo, ama ni mengi mno. Lazima niseme wazi kwamba mfuko haukuzuia ukame wa 2017. Matuta hayaleti mvua. Kinachoweza kufanywa na matuta, nyasi na vidimbwi ni kuifanya mvua inyeshayo izame polepole na itoke polepole, ili mto uwe na kitu miezi miwili baada ya mawingu kuondoka. Ni kazi ya pembeni, ya kimya, isiyopigwa picha na wanasiasa. Bila hiyo, kila bwawa jipya ni sahani ya kukusanyia tope.

Nasema hivyo nikiwa na hofu fulani juu ya namna taifa linavyopenda idadi. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kupanda. Naunga mkono kila mche. Lakini mche uliopandwa mbele ya kamera, mahali pasipo na mwenyewe, hauna wa kuumwagilia Januari. Vikundi vya Wangari vilijua hilo miaka ya 1970. Mkulima wa Gatanga anautunza mti wake kwa sababu ni parachichi, au ni lishe ya ng'ombe, au unashika ukingo wa shamba lake la urithi. Hisani inayojali idadi tu itapata idadi.

Nje ya mipaka yetu hali ya utoaji haitii moyo sana. Wakfu wa ClimateWorks, unaofuatilia michango ya hisani duniani, umeeleza kwa miaka mfululizo kwamba kazi ya kupunguza mabadiliko ya tabianchi hupata chini ya asilimia 2 ya michango yote. Na mwanzoni mwa 2025 Wakenya waliona kwa macho yao namna msaada wa nje unavyoweza kukatika: serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na ndani ya wiki chache ofisi zikafungwa na watu wakarudishwa nyumbani. Shirika lolote linaloishi kwa ruzuku ya mwaka hadi mwaka lilijiona kwenye kioo. Ndani ya nchi nako, sheria yetu ya mashirika ya manufaa kwa umma, iliyopitishwa 2013, ilisubiri hadi Mei 2024 kuanza kutumika. Ni hatua, ila sheria haiweki fedha kwenye mfuko.

Hapa ndipo deni la Thika na Ruiru linapoonekana. Wakulima wa Murang'a wamelalamika kwa miaka kwamba mito yao inachukuliwa na wao wanabaki na mitungi kichwani. Malalamiko yaliongezeka lilipochimbwa handaki la kilomita karibu 12 la kupeleka maji ya Maragua, Irati na Gikigie hadi Ndakaini. Viongozi wao walidai sehemu ya mapato. Mtu anaweza kuwapinga kwa hoja za kisheria, lakini hawezi kupinga haki iliyomo ndani ya madai. Mfuko wa maji ni jibu la sehemu tu kwa dai hilo, kwa sababu ni njia ya kurudisha fedha juu mlimani, kwenye mikono ya walioshika jembe, bila kusubiri mabishano hayo yaishe.

Na waliokwisha kuchangia ni akina nani? Jiji la Nairobi kupitia kampuni yake ya maji. Kampuni za vinywaji. KenGen. Wafadhili wa Marekani na Ulaya, ambao baadhi yao hawatayaonja maji ya Chania maisha yao yote. Thika, mji wa viwanda ambavyo mitambo yake hupozwa na kuoshwa kwa maji ya mito hii miwili, ndio wa kwanza kunywa kutoka milimani na ndio wa kwanza kuona wekundu wa masika. Ruiru imejaza maelfu ya vyumba vya kupangisha kwa sababu maji yanatarajiwa kufika. Kampuni za maji za miji hii hukusanya ada kila mwezi, na kwenye hesabu ya ada hizo kuna gharama ya bomba, ya dawa, ya umeme, ya mishahara. Gharama ya udongo wa Gatanga inapaswa kuwamo.

Quito wanafanya hivyo: asilimia ndogo ya ada ya maji huingia katika mfuko kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na haimuumizi mteja. Hakuna sababu ya Thika na Ruiru kushindwa. Asilimia moja tu ya ada, ikiandikwa waziwazi kwenye risiti ili kila mlipaji aione na aweze kuuliza imekwenda wapi, ingekuwa mchango wa kudumu kuliko ruzuku yoyote ya miaka mitatu. Hatungekuwa tunatoa sadaka. Tungekuwa tunalipa kazi iliyofanywa kwa niaba yetu na watu waliowahi kuifanya kwa kulazimishwa, bila shilingi.

Kwa wenye viwanda wa Thika nina ombi la nyongeza. Fedha mnazozitenga kila mwaka kwa shughuli za jamii, zile zinazoishia kwenye fulana na siku moja ya kupanda miche, zipelekeni kwa wanaojua mteremko wa Gatanga kuliko sisi sote. Mashirika hayo yako mjini kwenu. Mengine yana ofisi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka malangoni mwenu. Waulizeni wakulima wangapi wanangoja nailoni ya kidimbwi, kisha lipeni.

Na wewe msomaji unayefungua mfereji Makongeni, Kiganjo, Membley au Githurai Kimbo, bodi ya kampuni yako ya maji ina wajibu wa kuwasikiliza wateja wake, na mapendekezo ya kubadili ada lazima yapitie maoni ya umma. Siku mkutano huo utakapoitishwa, hudhuria, na uulize ni kiasi gani cha ada yako kinachopanda mlimani.